Je, Majani Makavu Yanawafaa Panya?

Katika masomo yaliyopita ulijifunza kuwa wanyama hawali chakula cha aina moja. Ng'ombe, mbuzi na sungura hula majani. Simba na chui hula nyama. Wako pia wanyama walao majani, nafaka, wadudu na nyama pamoja, kama vile nguruwe, kuku na binadamu. Panya yumo katika kundi hili la tatu. Ukilishika vizuri jambo hilo moja, utakuwa umekwisha pata nusu ya jibu la somo hili.

Sasa tuseme shule yenu inafuga sungura na simbilisi katika banda nyuma ya darasa. Kila jioni kundi la zamu huwapelekea hei, yaani majani yaliyokatwa, yakakaushwa juani na kuhifadhiwa. Siku moja banda linapata wageni wawili: panya weupe, wote majike, ndani ya kizimba cha waya. Mwanafunzi wa zamu anaona sakafu ya kizimba ni tupu. Anachukua makonzi mawili ya hei ya sungura, anaitia humo, anafunga mlango na kwenda zake. Panya wanaiburura hei pembeni na kulala juu yake. Baada ya wiki tatu panya mmoja anapiga chafya mfululizo. Ukisogeza sikio karibu naye, unasikia sauti kama mluzi hafifu kila avutapo pumzi.

Mwanafunzi yule hakuwa na nia mbaya. Aliona kuwa hei iliyowafaa sungura itawafaa na panya, kwa sababu wote ni wanyama wadogo wenye manyoya na meno ya kuguguna. Hebu tuchunguze ni wapi hesabu yake iliharibika.

Panya tunaowazungumzia

Kwanza tuelewane. Panya wa somo hili si yule apitaye juu ya dari usiku, wala si yule achimbaye mashimo shambani. Ni panya wa kufugwa. Asili yake ni panya wa kahawia, ambaye watu wa Ulaya walianza kumfuga katika karne ya 19. Mwaka 1906 Taasisi ya Wistar, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, ilianza kuzalisha panya weupe maalumu kwa ajili ya uchunguzi wa sayansi. Dawa nyingi tunazozitumia leo zilijaribiwa kwanza kwa panya wa namna hii. Panya mzima huwa na uzito wa gramu 250 hadi 500, na huishi miaka miwili au mitatu tu.

Usimkamate panya wa nyumbani au wa porini ili umfuge. Viroboto wa panya wa porini hueneza tauni, maradhi yaliyozuka mara nyingi katika Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga, katika miaka ya 1980 na 1990. Mkojo wa panya nao hueneza homa ya mgunda. Mwezi Julai 2022 homa hiyo ilizuka Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, na watu 3 walikufa. Kumbuka habari hii ya mkojo, maana tutairudia tutakapofika kwenye ghala la majani.

Hei hutengenezwaje?

Majani mabichi yana maji mengi. Ukikata kilo 100 za majani machanga, kiasi cha kilo 80 ndani yake huwa ni maji. Mfugaji hukata majani yake, kwa mfano majani ya Rhodes, yanapoanza kutoa maua. Huyatandaza juani siku mbili tatu na kuyageuzageuza mpaka maji mengi yatoke. Katika zile kilo 100 hubaki kilo 25 hivi za hei: kilo 20 za jani lenyewe na kilo 5 za maji. Hapo majani hayaozi, kwa kuwa kuvu na bakteria hawawezi kustawi pasipo maji ya kutosha.

Mvua ikinyesha kabla majani hayajakauka, au yakihifadhiwa juu ya udongo wenye unyevu, kuvu huota ndani ya lundo. Tia mkono katikati ya lundo la namna hiyo nawe utahisi joto. Joto hilo hutoka kwa viumbe hao wadogo wanaokula na kupumua. Mara nyingine joto huzidi hata lundo likashika moto lenyewe bila ya mtu kuwasha kiberiti.

Hei nzuri ina rangi ya kijani iliyofifia, ina harufu tamu na hupindika bila kuvunjika ovyo. Hei mbaya ina madoa meupe, ya kijivu au meusi, inanuka uvundo na ukiikung'uta hutoa moshi wa vumbi. Moshi huo si udongo mtupu. Ndani yake mna vipande vya majani, chavua ya maua na mbegu za kuvu zilizo ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuiona moja peke yake. Wakulima wanaovuta vumbi la hei iliyoota kuvu kwa muda mrefu hupata ugonjwa wa mapafu. Ikiwa mtu mzima mwenye kifua kipana hupata ugonjwa, mnyama anayelala amezika pua yake humo itakuwaje?

Meno na matumbo

Tumtazame sungura kwanza. Meno yake yote, ya mbele na ya nyuma, huendelea kukua maisha yake yote. Sungura asipotafuna majani magumu kutwa nzima, magego yake hurefuka na kumchoma ulimi na mashavu. Simbilisi yuko hivyo hivyo. Kwa wanyama hawa wawili, hei ni chakula na tena ni tupa ya kunolea meno.

Panya ana meno 16. Manne ni ya mbele, marefu, yenye rangi ya manjano kwa sababu yana madini ya chuma. Hayo manne hukua bila kukoma. Jino la chini huweza kukua zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka kama halikulika. Magego yake 12, hata hivyo, yakisha kuota hayaongezeki tena, kama magego yako wewe. Kwa hiyo panya hahitaji hei ili kusaga magego. Meno ya mbele huyasaga kwa kuyakwaruza hayo kwa hayo, na kwa kuguguna vitu vigumu kama kipande cha mti mkavu au punje za mahindi.

Sasa tuingie tumboni. Sehemu kubwa ya jani imejengwa kwa selulosi. Hakuna mnyama mwenye manyoya awezaye kuyeyusha selulosi kwa nguvu za tumbo lake mwenyewe. Hutegemea bakteria wamfanyie kazi hiyo. Ng'ombe amewaweka bakteria wake katika tumbo la kwanza, ambalo ni kubwa kama pipa. Sungura amewaweka katika sekamu, mfuko uliopo mahali utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Sekamu ya sungura ni kubwa mno. Huchukua sehemu kubwa ya nafasi ya tumbo lake. Panya naye ana sekamu, na bakteria wamo, lakini mfuko wake ni mdogo ukilinganishwa na wa sungura. Anaweza kunufaika na majani kidogo. Akipewa hei peke yake atakonda, na mwishowe atakufa njaa huku tumbo limejaa.

Chakula chake kiwe nini basi? Panya mzima hula gramu 15 hadi 20 za chakula kikavu kwa siku. Mpe punje za mahindi, mtama, uwele au mchele, pamoja na mboga za majani zilizooshwa, kipande cha karoti au boga, na mara mbili tatu kwa wiki dagaa wachache wasio na chumvi au kipande cha yai lililochemshwa. Maji safi yawepo usiku na mchana. Tofauti moja zaidi inafaa uijue: mwili wa panya hujitengenezea vitamini C, lakini simbilisi hawezi. Ndiyo maana simbilisi akikosa mboga mbichi huugua upesi, na panya hapati ugonjwa huo.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Panya hawezi kutapika. Wewe ukila chakula kibovu, tumbo hukitupa nje. Kwa panya kilichomezwa kimemezwa. Kwa hiyo usimpe kamwe mahindi au karanga zenye kuvu ukidhani kuwa panya hula kila kitu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikufa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini la mtu, na ini la panya pia.

Pumzi ya panya

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, nasi tutapakalia kidogo.

Kaa kimya na uhesabu pumzi zako kwa dakika moja. Huenda ukapata kama 20. Panya aliyetulia hupumua mara 70 hadi 115 kwa dakika. Tena yeye hupumua kwa pua tu. Hana desturi yako ya kufungua kinywa pua inapoziba. Kila chembe ya vumbi iliyo kizimbani ina nafasi nyingi sana ya kuingia katika njia yake ya pumzi.

Ndani ya njia ya pumzi mna vinywele vidogo sana, vinavyopepea daima kama shamba la mpunga lipigwalo na upepo. Kazi yake ni kusukuma nje vumbi na viini vya maradhi. Panya wengi wa kufugwa huishi na bakteria wadogo waitwao mikoplasma katika pua na mapafu. Kwa kawaida bakteria hao hunyamaza, na panya huonekana mzima. Vinywele vikichoka au kuharibika, bakteria hupata nafasi ya kuongezeka, na mapafu huanza kuoza polepole. Dawa ya daktari wa mifugo huweza kumpa panya nafuu, lakini mara nyingi bakteria hawaishi kabisa. Ndiyo sababu tunasema kumkinga ni bora zaidi kuliko kumtibu.

Vitu viwili huviharibu vinywele hivyo. Cha kwanza ni vumbi, ambalo tumekwisha lizungumza. Cha pili ni hewa ya amonia. Mkojo wa mnyama ukikaa, bakteria huuvunja na kutoa amonia, ile hewa inayokuchoma pua uingiapo katika choo kisichosafishwa au banda la kuku lililosahauliwa. Wewe unapoisikia umesimama mlangoni, panya ameivuta tangu asubuhi akiwa sentimita mbili tu juu ya sakafu.

Hei huongeza hatari zote mbili. Vumbi inalo yenyewe. Amonia haiizuii, kwa sababu hei hainyonyi mkojo vizuri. Jani limefunikwa kwa utando mwembamba wa nta, na utando huo haupotei jani likaukapo. Mkojo hupita katikati ya majani na kutuama sakafuni. Juu panaonekana pakavu na safi, kumbe chini pameloa. Mwanafunzi wa zamu akitazama juu juu atasema kizimba hakijachafuka.

Mambo ya kufanya: vumbi na unyevu

Fanyeni kazi hii nje ya darasa, katika vikundi vya watu wanne. Yeyote mwenye pumu asishike hei. Awe mwandishi wa kikundi na akae mbali.

Chukueni konzi moja ya hei kutoka banda la sungura. Tandazeni kitambaa cheusi chini. Simameni upande utokako upepo, ili vumbi lisiwarudie, kisha ikung'uteni hei mara kumi juu ya kitambaa. Tazameni kilichobaki kitambaani kwa kioo cha kukuzia. Je, mnaona mbegu? Mnaona vipande vya majani? Kuna wadudu wanaotembea? Andikeni na mchore. Rudieni kwa konzi ya vipande vya karatasi mlizozichana wenyewe.

Kisha tafuteni makopo mawili yanayolingana. Tieni vijiko 10 vya maji katika kila kopo. Pimeni kwa mizani hei na karatasi zilizochanwa za uzito uleule, gramu 10 zinatosha, na kila kimoja kitieni katika kopo lake. Baada ya dakika tano ondoeni vilivyomo, mviache vichuruzike juu ya kopo bila kuvikamua, na mpime kwa kijiko maji yaliyobaki. Mtaona kuwa kopo la karatasi limebakiwa na maji machache. Yaliyopungua yamekwenda wapi? Sasa fikirini kuwa maji hayo yangekuwa mkojo.

Mkiwa na karatasi nyekundu ya litimasi, ilowesheni kidogo kwa maji na muishike juu ya pembe ya kizimba ambako panya hukojoa, bila ya kugusa sakafu. Ikigeuka kuwa ya buluu, hewa ya hapo ina amonia, na kizimba kilipaswa kusafishwa jana.

Nikitaka panya wangu alale vizuri

Huenda sasa unaona hei kama adui. Usiende mbali kiasi hicho. Hei si sumu kwa panya. Akitafuna ujani mmoja mmoja hadhuriki. Panya wa porini hukusanya majani makavu na kujengea viota, na panya wa kufugwa hajaisahau kazi hiyo. Mpe kitu cha kujengea wakati wa jioni, kwa maana yeye huamka usiku, na asubuhi utakuta kiota cha mviringo pembeni mwa kizimba, kimefunikwa hata juu. Kumnyima panya kitu cha kujengea ni kumnyima kazi anayoipenda.

Kwa hiyo tofautisha mambo matatu: chakula, tandazo na kiota. Kama chakula, hei haimtoshi panya. Kama tandazo la kufunika sakafu nzima, haifai, kwa sababu ya vumbi na mkojo. Kama kitu cha kujengea kiota au cha kuchezea, konzi moja ndogo ya hei safi inaruhusiwa, mradi ibadilishwe mara kwa mara na mradi panya wenyewe hawana dalili za ugonjwa. Panya akipiga chafya, iondolewe yote siku ileile.

Sakafu itandazwe karatasi zilizochanwa. Karatasi za daftari zilizokwisha tumika zinafaa sana, na shuleni hazikosekani. Ukipata maranda kutoka kwa seremala, chagua yale makubwa na makavu ya mti usio na harufu kali. Vumbi laini la msumeno halifai. Maranda mabichi ya msonobari au mwerezi, yale yanayonukia utomvu, nayo huchoma njia ya pumzi. Wenye mashamba ya misonobari karibu, kama watoto wa Mufindi, wajihadhari hapo zaidi, kwa kuwa maranda hayo ndiyo yanayopatikana bure. Vitambaa vikuukuu vinaweza kutumika, lakini visiwe na nyuzi ndefu, maana nyuzi hujizungusha katika kidole cha panya na kukikata damu isipite.

Mabua ya mpunga na ya ngano si hei. Ni mashina yaliyobaki baada ya kuvuna nafaka, tena ni magumu na yana ncha. Bonyeza ncha ya bua upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Likikuchoma wewe, litamchoma panya jichoni. Kama panya jike amezaa, jihadhari mara mbili: watoto wake huzaliwa bila manyoya, na macho yao hufunguka baada ya wiki mbili hivi.

Sasa turudi kwenye ghala la majani. Hei ya ng'ombe mara nyingi hulazwa mahali ambapo panya wa porini hupita na kukojoa. Hei hiyo usiitie katika kizimba chako, hata ikiwa na rangi nzuri. Vivyo hivyo majani yaliyokatwa kando ya shamba lililopuliziwa dawa ya wadudu. Ukitaka hei ya panya, kata majani yako mwenyewe mahali safi, yaanike juani juu ya kichanja, yakung'ute, na uyaweke katika mfuko wa kitambaa uliotundikwa. Yakumbuke haya pia: kuanika juani huondoa unyevu, lakini hakuondoi kuvu iliyokwisha ota. Hei yenye kuvu haitengenezeki. Itupe katika shimo la mbolea, na usiwape sungura pia.

Panya mwenye kazi ya pua

Mkoani Morogoro wako panya wa aina nyingine, panya buku, ambao hufunzwa kunusa. Panya buku si ndugu wa karibu wa panya mweupe. Ni mkubwa zaidi, huweza kufikia uzito wa kilo moja na zaidi, na ana mifuko ndani ya mashavu ya kubebea chakula. Shirika liitwalo APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, huwafunza panya hao katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine tangu mwaka 2000. Panya hufunzwa kutambua harufu ya baruti. Kila anapoitambua husikia mlio mdogo na hupewa chakula, mara nyingi ndizi. Akisha hitimu hupelekwa katika nchi zilizobakiwa na mabomu yaliyotegwa ardhini wakati wa vita. Kwa kuwa ni mwepesi, hatua zake hazilipui bomu. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa imemaliza kuyaondoa mabomu yake yaliyojulikana. Wengine hunusa makohozi ya wagonjwa na kuonyesha yenye viini vya kifua kikuu.

Mmoja wao, aitwaye Magawa, alizaliwa Morogoro mwaka 2013 na kupelekwa Kambodia mwaka 2016. Huko alitambua mabomu ya ardhini na silaha nyingine zilizoachwa vitani, jumla yake zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza, la kwanza kwa panya. Alistaafu mwaka 2021, akafa Januari 2022 akiwa mzee.

Tunamtaja Magawa hapa kwa sababu ya pua yake. Mtu aliyetembea katika shamba la Kambodia baada ya panya huyo kupita aliiweka miguu yake juu ya kazi ya pua moja ndogo. Pua ya panya wenu wa shule haijafunzwa kutafuta bomu, lakini imejengwa kwa namna inayokaribiana na ile, nayo hudhurika kwa vumbi lilelile.

Dalili za ugonjwa

Panya mzima ana macho maangavu na manyoya yaliyolala. Panya mgonjwa hujikunyata, manyoya yake husimama, hupiga chafya, na mbavu zake huingia na kutoka kwa nguvu apumuapo. Huenda ukaona rangi nyekundu kuzunguka macho na pua. Wanafunzi wengi hushtuka wakidhani ni damu. Si damu. Ni machozi ya panya, ambayo kwa asili yana rangi hiyo, na huzidi anapougua au anapokuwa na hofu. Hata hivyo usiyapuuze.

Ukiona dalili hizo, ondoa hei yote na safisha kizimba kwa maji na sabuni. Hamisha kizimba mahali penye hewa nyingi lakini pasipo na upepo mkali. Mwambie mwalimu siku hiyo hiyo ili amwite bwana mifugo au daktari wa mifugo. Usingoje Jumatatu kwa sababu leo ni Ijumaa. Nawa mikono kwa sabuni kila umalizapo kazi ya kizimba.

Maswali

1. Kwa nini sungura anahitaji kutafuna hei kila siku, na panya hahitaji?

2. Eleza jinsi mkojo unavyogeuka kuwa madhara kwa mapafu ya panya. Anza na mkojo unapodondoka sakafuni.

3. Mfugaji alikata kilo 200 za majani mabichi yenye maji kilo 160. Baada ya kuyakausha, uzito wa majani ulikuwa kilo 50. Hei hiyo ina kilo ngapi za maji?

4. Jioni moja wekeni katika kizimba konzi ya karatasi zilizochanwa upande mmoja, na konzi ya hei safi iliyokung'utwa upande wa pili. Asubuhi tazameni kiota kimejengwa kwa kitu gani. Rudieni kwa siku tano, mkibadilisha pande kila siku. Kwa nini ni lazima kubadilisha pande?

5. Ni zamu yako, na giza limekwisha ingia. Karatasi zimekwisha. Bandani kuna hei iliyonyeshewa jana, mabua makavu ya mpunga, na mfuko wa maranda makubwa makavu yasiyo na harufu. Utatandaza nini katika kizimba cha panya, na yale mawili mengine utayafanya nini?